Mahindi Namba Nne Yameonewa

Kwa Bwana Dumlao,
Afisa Kilimo wetu, Ilocos Norte.

Pokea salamu za mwenye shamba. Ulipotuomba jaruba letu baada ya kuvuna mpunga, ili ujaribu aina saba za mahindi chotara, tulikupa bila kinyongo. Sasa nasikia umeshapima mavuno: Namba Saba imeongoza, Namba Nne imeshika mkia, na msimu ujao kijiji kizima kitagawiwa mbegu ya Namba Saba tu. Bwana Dumlao, nimeumia. Namba Nne imeonewa, na sababu zangu ni hizi.

1. Wewe ndiye uliyepanga vipande. Namba Nne uliipanda kando ya njia ya kanisani, Namba Saba ukaificha kule nyuma wanakogaagaa nyati wa kulimia. Kule hakuna apitaye. Njiani wanapita watu, na watu wana macho.

2. Ulimwajiri mume wangu, Melecio, alinde shamba lisiibiwe. Naapa halikuibiwa hata hindi moja. Melecio aligawa. Nilipomuuliza, akanijibu, "Mama Luding, mtu katoka kwake kuja kutazama majaribio ya serikali, halafu nimwache arudi mikono mitupu? Kwao watatusemaje?" Na tangazo la kukaribisha wageni ulilibandika wewe.

3. Kila mgeni aliambiwa achague mwenyewe, na hakuna aliyechagua Namba Saba. Mimi nilimchemshia mama mkwe, Nana Sepa, hindi lake moja mpaka kuni zikaisha. Akaling'ata, akalirudisha kwenye sahani, akaniuliza, "Mkwe wangu, nimekukosea nini?" Namba Nne aliila kwa vimeno vyake vilivyobaki, akaomba nyingine. Tangu afiwe na mumewe hatujamsikia akiomba chakula. Hilo mizani yako ililipimia wapi?

4. Kwa hiyo Namba Saba ni nzito kwa kuwa haikuliwa, na haikuliwa kwa kuwa hailiki. Kwa hesabu hiyo mshindi halali ni mawe ya kwenye tuta. Yapewe cheti, yagawiwe kijijini, tuyapande.

5. Siku uliyokuja kupima urefu wa mabua, mheshimiwa, nawe hukuondoka mikono mitupu. Mkeo alituma shukrani.

Ombi langu ni dogo. Upo mstari mmoja wa Namba Nne uliochelewa kupandwa, bado mbichi. Usubiri ukauke, uje uupime mbele ya kijiji kabla mbegu hazijaagizwa. Huo ndio ushahidi pekee tuliobaki nao. Ukipotea, Nana Sepa atakula uji hadi siku ya kufa kwake. Nimeuzungushia kamba, Melecio nimempeleka akalinde bata, na nakuapia hautaguswa na mkono wa mtu.

Nisalimie mkeo, makarani wote hapo ofisini, na yule dereva wako anayependa kuonja onja.

Mimi mwenye shamba, ninayengoja haki,
Leonora Agbayani

N.B. Barua hii anakuletea Melecio. Isingekuwa heshima kumtuma ofisini kwako mikono mitupu, basi kuleni mahindi hayo yangali moto. Kamba iliyofunga kikapu ni ile ile niliyoitaja. Sina tena kazi nayo.