Kete ya Hawah

Koboko, Jumatatu, 4 Machi 1974
Dumo tena! Kila Ijumaa Hawah huenda Lobule kwa bibi yake, na ili mimi na Dumo, sote tunaomtaka, tusigombane, hurusha kete yake ya kauri: mdomo juu, nambeba mimi kwa baisikeli, mgongo juu, anabeba Dumo. Ijumaa tatu mfululizo, mgongo! Mwalimu Ayiko, jirani yangu, anasema kwa hesabu kitu chenye pande mbili sawa huangukia kila upande nusu kwa nusu. Nikamwambia basi zamu yangu imefika. Akacheka, akasema kete haikumbuki kitu. Nirushe mara mia nione.

Jumatano, 6 Machi
Nimechomoa kete kwenye mkufu wa mama. Mara mia mkekani. Mgongo sitini na nane! Kumbe nimekuwa nikidhulumiwa. Nikakimbia kwa Hawah kuomba tubadilishane pande na Dumo. Dumo akakubali mbio mbio. Hawah akanitazama sana, akauliza kama nimechoka naye. Nikamwambia ni mambo ya hesabu.

Ijumaa, 8 Machi
Mdomo! Dumo kambeba. Mwalimu akaniuliza kete ya Hawah ikoje. Nikakumbuka: ni ya bibi yake mpiga ramli, imekatwa mgongo, bapa. Ya mama ni nzima, ina kitumbo. Nimepima kete nyingine kabisa! Kiti cha nyuma nilikishonea mto wa pamba kwa ajili yake. Bado mpya. Nimemkumbuka, na hata jua halijazama.

Jumamosi, 9 Machi
Zulaika, mdogo wake, katoka Lobule na ujumbe wa kwangu peke yangu: Hawah anarudi kesho mchana, nimfuate. "Hapana leta kete. Kuja na baisikeli tu." Moyo wangu!

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka mapema, nikatia upepo. Lakini safari kubwa hivi, mtu huendaje bila uhakika? Nikaikata mgongo kete ya mama (mama alivyopiga kelele!), nikaanza kurusha mara mia: mdomo ukifika nusu, natoka.

Alasiri Hawah akapita kwa miguu, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Akauliza kete imesemaje. Nikamjibu kweli: mdomo arobaini na tisa, bado moja tu.

"Basi oa hiyo kete," akasema, akaingia kwao, akafunga mlango. Kifua kinaniuma. Namtaka Hawah, simtaki mwingine.

Nikarusha ile ya mwisho. Mdomo! Nusu kamili!

Ijumaa ni yangu. Mto nimeuanika.