Daktari wa Mashua na Ubavu wa Ukutani

Mashua ya marehemu iliparamia mwamba, ikakokotwa hadi uani kwa mjane wake, muoka mikate. Habari zikamfikia Daktari kabla matope hayajakauka. Udaktari wenyewe alijipa mwenyewe, siku moja akiwa na nafasi. Alitibu mashua tu. Wagonjwa wake wote walikufa mikononi mwake, kisha wakafufukia sokoni na rangi mpya.

Akaja na pikipiki yenye boksi kubwa nyuma, koti jeupe, na nyundo aliyoivisha mpira. Ubao mzima ukigongwa hulia, uliooza huguna; kwa nyundo ile, hata jiwe lingeguna.

Mashua ilikuwa imezama mkuku, ule uti wake wa chini, mchangani, imeegemea ukuta wa jiko; ubavu wa nje ulionekana mzima. Kuku mwekundu alichungulia kutoka juu yake. Daktari hakujiuliza kapandaje.

Du! Du! Akafumba macho kama yuko msibani.

"Pole, mama. Imeoza. Mkuku umekatika. Hii ni maiti."

"Maskini! Na ubavu wa ukutani, mwanangu, huutazami?"

"Mama, mbavu za mashua ni mapacha. Nimeshampima mmoja, wa pili wa nini?"

"Zunguka tu, uniandikie kwa haki."

"Unanifundisha kazi?"

"Basi, yaishe."

Mjane alikuwa na haja moja tu: chombo cha kupelekea mikate mjini, maana shingo ilishachoka na beseni. Akaitazama pikipiki. Daktari akayaona yale macho.

"Kwa huruma tu, mama. Nipe maiti, chukua pikipiki. Mimi nitapata kuni."

"Andika kwanza: imeoza, mkuku umekatika, na unaichukua kwa hiari yako."

Akaandika, akagonga mhuri, akatia sahihi mbili kwa madaha.

Wabebaji sita aliowaita wakaitoa ukutani. Ubavu wa pili haukuwepo. Palikuwa na tundu la kupita mbuzi, mbao zimeoza kandokando yake, na mkuku vipande viwili, kama ilivyoandikwa. Daktari alikuwa amesema kweli, na hakuizoea.

"Mama! Umeniibia!"

"Mimi tena? Si umeandika mwenyewe, na mhuri juu?"

Wabebaji wakacheka hadi wakaiachia mashua. Mjane akainama, akaingiza mkono tunduni, akamtoa kuku wake na mayai manne, akayapanga taratibu ndani ya boksi la pikipiki.

"Samahani, Daktari," akasema. "Maiti ni yako. Hawa wazima ni wangu."