Siku Leberecht Alipovua Kofia

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 1872. Asubuhi hiyo Berlin ilinyeshewa theluji ya majimaji, na upepo wa mtoni uliwaparua watu mashavu.

Sikilizeni, enyi wenye vichwa! Kwa jina la Mola aliyekipa kila kichwa kipimo chake, nawasimulia vita vya Leberecht Zschunke, mshona kofia, simba wa sufu na gundi.

Mwaka uliotangulia, siku majeshi yaliporudi na ushindi kutoka vita vya Ufaransa, umati wote ulivua kofia gari la mfalme lilipopita. Leberecht peke yake hakuvua. Haikuwa jeuri. Alikuwa amejishonea kofia ya kubana, ili wateja waone kwamba kazi yake haipeperushwi na upepo, nayo ikamng'ang'ania. Sasa mchoraji Troost aliuchora umati ule kwenye turubai pana kama ukuta, na katikati ya bahari ya vichwa visivyo na kofia akasimama Leberecht na kofia yake, kama mnara. Jumapili mji mzima ungekuja kutazama. Nani angenunua kofia kwa mtu aliyemdharau mfalme?

Basi shujaa akazipanda ngazi za mchoraji akiwa na kofia ile ile, iliyokazwa zaidi na theluji. Nyuma yake alikuja mkewe Adelgunde, na nyuma ya mkewe Pagel, jirani yao mshona viatu, ambaye hakualikwa.

"Nifute, bwana!" alinguruma Leberecht.

"Sikufuti. Nachora nilichokiona," alisema Troost. "Ivue hapa, niione ikitoka, nami nitachora umevua."

Leberecht akaishika kofia kama ashikaye pembe za fahali. Akavuta. Uso ukaiva, nyusi zikapanda, kofia ikatulia kama ngome.

"Vuta na wewe, mama Frieda!" alimwambia mkewe.

"Nivute nini? Nimeshika masikio yako hapa!"

Pagel akacheka hadi akakaa chini. "Jirani, buti zangu mimi huwa zinatoka."

"Nyamaza, mpiga misumari wewe!"

"Haya. Mimi ninacho kijiko cha kuvalia viatu mfukoni. Unakitaka, hukitaki?"

Ee Mola, ni mtihani gani huo! Mshona kofia aokolewe na chombo cha mshona viatu! Leberecht akafumba macho, akasali kimoyomoyo, akainamisha kichwa.

"Kilete," alinong'ona. "Lakini polepole, ndugu yangu."

Chuma cha kijiko kikapenya kati ya kofia na paji la uso. Pagel akasukuma, Adelgunde akavuta, na kofia ikatoka kwa mlio wa kizibo cha chupa. Andikeni, enyi waandishi wa historia! Ngome zimeanguka na wafalme wamepinduliwa, ila siku hiyo kipara cha Leberecht kiliuona mwanga wa Mungu!

Troost akainua brashi. "Mama, na wewe jirani, muwe mashahidi wangu. Naahidi: Jumapili atakuwa ameishika kofia mkononi. Na lile duara lililoachwa na kofia kwenye kipara chake nalo litakuwepo. Rangi nyekundu ninayo tele."