Beignets za Mama Edith

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa. Tabasamu la Ephraïm wangu linayeyusha siagi. La mama yake, Mama Edith, halijaonekana bado. Kila asubuhi anakaanga beignets, maandazi yake ya ngano, na kuniangalia nikila. Kwao mke mgeni hula kutoka sufuria ya mama-mkwe mpaka mama-mkwe aridhike, ndipo apewe mbabula, jiko lake mwenyewe, na makaa. Bila mbabula, mimi na mpenzi wangu hatuna hata chai ya wawili.
Ngano inanichana tumbo. Daktari wa kwetu Kasomeno alinikataza maisha yote. Hapa Kampemba sijamwambia mtu, hata Ephraïm. Watasema wameozeshwa mgonjwa. Beignets nne za leo nimezificha mkobani alipogeuka. Mkoba unanuka mafuta.

Jumanne, 4 Machi
Bukari ya mchana, ugali wa mahindi, hainidhuru, ila asubuhi nashinda njaa. Nikaenda Golf, mtaa wa matajiri. Dukani, biskuti za mahindi: pakiti kama kipande cha sabuni, bei ya kuku mzima. Mgahawani, mhudumu aliapa samaki hana unga wa ngano. Alikuwa na unga hadi mkiani. Nimerudi nimejikunja. Wifi yangu Léonie aliuliza kama siku hizi Golf wanauza maumivu.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Mpango safi kabisa. Nimetangaza nadhiri: kwa ajili ya ndoa yetu, sigusi ngano mpaka Pasaka. Mama Edith alifuta machozi. Ephraïm alinishika mkono mbele ya watu! Léonie alisema kumbe Kasomeno watakatifu wanaota kama mihogo.

Dominika, 9 Machi
Hata mtoto wa katekisimu anajua: Dominika haihesabiwi katika mfungo wa Kwaresima. Mimi nilisahau. Mama Edith aliniwekea sahani iliyojaa. "Dimanche haiko carême, mutoto wangu. Kula."
Nimekula tatu. Léonie alinihesabia.

Jumatatu, 10 Machi
Kutapika tangu alfajiri. Nilikuwa tayari kusema ukweli wote. Mama Edith akasimama mlangoni, akahesabu wiki kwa vidole, akapiga kigelegele. Léonie mbio kwa majirani. Saa nne, mbabula mpya mlangoni kwangu, na gunia la makaa. Nisiguse beignet mpaka nijifungue, ameagiza Mama Edith. Ephraïm alilia kwa furaha. Ningemkatizaje?
Tumekunywa chai yetu, wawili tu. Utamu.
Mtoto hayupo, lakini miezi ni mingi. Kesho natafuta mto mdogo, wa kukaa vizuri chini ya kitenge.