Naomba Ugonjwa Wangu Ubadilishiwe Sababu

Kisangani, commune ya Tshopo

Kwa Bwana Médecin Directeur wa hospitali yetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Ningezileta kwa mdomo, ila siku hizi kikohozi kinanikata maneno katikati, na malalamiko yanayokatwa-katwa hayana uzito.

Mimi ni Félicien, muuza unga wa jumla na, kila Jumapili, mpiga tuba wa fanfare, bendi ya matarumbeta ya parokia yetu. Tuba ni ile tarumbeta kubwa kupita zote, mutu anaipakata tumboni kama mtoto aliyeshiba. Sasa docteur wako Emilie amenigundua ugonjwa wa mapafu. Ugonjwa wenyewe nimeukubali, sina neno. Ninachokataa ni sababu yake. Amesema sababu ni tuba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Docteur Emilie ni mdadisi mno. Nilimpelekea kifua, akauliza nyumba. Nalalia mto wa nini? Kuku wanalala wapi? Ukuta unavuja? Ujanani nilifanya kazi gani? Hata padri kwenye kitubio hajawahi kunichimba hivyo. Kituo cha afya cha mtaani kwetu walikuwa na adabu: walinisikia nakohoa, wakasema kifua kikuu, wakanipa dawa, basi. Ni kweli makohozi yangu hayakuonyesha kitu, na dawa hazikufanya kitu, lakini heshima ilikuwepo.

2. Mashine. Niliwekewa bomba la plastiki mdomoni nikaambiwa nivute hewa, halafu nipulize kwa nguvu zote hadi mwisho. Mimi! Mutu anayejaza shaba yote ile kwa pumzi! Nilicheka, nikapuliza, na mashine ikatoa karatasi inayosema nina karibu nusu tu ya pumzi inayomfaa mtu wa umri wangu. Nikasema imeharibika. Docteur, ambaye hanifikii begani, akabadilisha bomba, akapuliza mwenyewe, mashine ikamsifu. Aibu gani hii, Bwana Directeur?

3. Alinisikiliza mgongoni akasema huko chini ya mapafu kunachakarika, kama mutu anakanyaga majani makavu. Mimi ni mwanamuziki. Sauti ile sikuiruhusu. Kisha ikaja picha ya skana, nikaonyeshwa mawingu meupe mahali panapotakiwa kuwa peusi. Akanieleza kwamba kati ya vijifuko vya hewa kuna kuta nyembamba, na zangu zimevimba. Nikiendelea zitakuwa makovu, na kovu la mapafu halilainiki tena. Hapo, nakiri, sikucheka.

4. Bon, hapa ndipo mambo yalipoharibika. Aliuliza tuba huoshwa lini. Nikamjibu kwa fahari kwamba haijaoshwa tangu mjomba wangu, tonton Henri, anirithishe, maana sisi wapiga tuba tunajua: ukiiosha, sauti inatoka na maji. Nikaongeza, ili aone tunavyoitunza, kwamba kila mkesha wa sikukuu tunainywesha glasi ya masanga ya mbila, ile pombe tamu ya mchikichi, ilainishe koo lake. Docteur aliweka kalamu chini. Akasema mle ndani nimefuga ukungu, nimeulisha sukari, na kila nivutapo pumzi kati ya nota mbili nauingiza kifuani. Mapafu yanapigana nao hadi yanajiumiza yenyewe. Ushahidi wake? Eti homa hunipata Jumapili jioni na Jumatano baada ya mazoezi. Jamani! Jumapili kuna mahubiri ya saa nzima. Mbona mahubiri hayakupigwa picha ya skana? Eti pia nilipokuwa kwenye matanga ya shemeji Clovis, mwezi mzima bila tuba, sikukohoa. Nilikuwa na huzuni, Bwana Directeur. Mutu mwenye huzuni anasahau kukohoa.

Donc, amri ikatoka: vidonge vya cortisone kila asubuhi, nirudi kupuliza ile mashine, na tuba nisiiguse. Wakati jubile ya parokia iko mlangoni! Tuba iko moja tu, na itashikwa na Nephtali, kijana wa mashavu membamba, anayepiga kama mutu anayegombeza mbuzi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, sababu ihamishiwe kwa kuku wa mama mukwe. Wana manyoya, wana vumbi, na docteur mwenyewe ndiye aliyewataja. Niko tayari kuwaondoa leo hii, na pili-pili ninayo.

Kama kuku hawafai, chukueni unga. Nauvuta siku nzima nikipakua magunia. Nitafunga duka. Ndiyo, duka linalotulisha. Nimelifikiria.

Na kama sayansi inakataa yote, basi Mungu hakukosea kutupa mapafu mawili. La kulia liwe la hospitali: limeze vidonge, litii. La kushoto liachiwe parokia. Naahidi siku ya jubile kupulizia la kushoto peke yake.

Usinione mjinga. Mke wangu Mamie siku hizi tukitembea husimama njiani na kujifanya kiatu kinambana, ili nipumzike bila kuaibika. Hilo linaniuma kuliko kifua. Naogopa, Bwana Directeur. Lakini bila tuba mimi ni muuza unga tu, na muuza unga hakuna anayemgeukia kanisani.

Nisalimie masista, wafamasia, watu wa radiolojia na mlinzi wa getini. Mashine ya plastiki usinisalimie.

Wako mwenye nusu ya pumzi,
Félicien

N.B. Barua hii ilikawia mfukoni mpaka jubile ikapita. Vidonge nilivimeza, kwa hasira. Nephtali aliosha tuba kwa maji moto na sabuni, na kilichotoka ndani hakiandikiki kwenye barua ya heshima. Sauti haikutoka na maji. Ilibaki, tena imekuwa nzuri zaidi, inaniuma kusema. Kwa hiyo sababu ibaki hapo hapo ilipo, na umwambie Docteur Emilie nitakuja siku aliyonipangia. Siku ya jubile nilikaa kwenye benchi na Mamie, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tufunge ndoa, maana Jumapili zote mdomo wangu ulikuwa kazini. Wimbo ulipoanza, nikaimba. Nikaufikisha mwisho, beti zote, bila kukohoa hata mara moja. Mamie akanigeukia, machozi yanamtiririka; hakuwahi kunisikia nikiimba. Akaniambia sikioni kwamba naimba vibaya sana, na nisinyamaze.