Habari za Kuzingirwa kwa Mlango wa Dobi

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi mliovaa nguo zilizonyooka na enyi mliokurupuka na zilizokunjamana, mpate kusikia habari za vita ambavyo havikumwaga damu ila maji ya sabuni, na za jemadari aliyevipigana, ambaye, poleni sana, ni mimi. Naam, mimi Mnyoosha Mashuka, Bwana wa Pasi ya Mvuke, niliyezitiisha kola za wakubwa na wadogo. Nawe ulimi wangu, uliyezoea kunikimbia siku ya shida, tulia nisimulie.

Chanzo cha vita hivyo kilikuwa neno moja la Kiingereza. Jioni nilikuwa nikihudhuria darasa la watu wazima, na mwalimu wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, alikuwa na sheria isiyokatiwa rufaa: kila mwanafunzi huokota neno katika kopo la biskuti, na juma lifuatalo hulirudisha ndani ya sentensi ya kweli. Kubuni ni marufuku. Liwe jambo ulilolitenda wewe mwenyewe, kwa mwili wako. Juma hilo maneno yote yalikuwa ya kupinga na kudai. Muuza nyama aliokota neno la kunung'unika, akalimaliza papo hapo bila kuinuka kitini. Mimi nikatumbukiza mkono kwa madaha, nikaibuka na "picket".

Kamusi ikanifunulia kwamba ni kusimama mlangoni pa kazi, wakati wa mgogoro, na kuwashawishi wengine wasiingie. Nilianza kuyasoma hayo nimesimama, nikayamaliza nimeketi. Mimi ni mtu ninayempisha hata paka kwenye ngazi. Lakini nilikuwa nimekwisha kushindwa maneno yaliyotangulia, na mwalimu alinionya kwamba nikishindwa tena atanirudisha benchi la mbele, kwa wale wanaojifunza siku za wiki. Na mke wangu alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mumewe sasa anakitema Kiingereza. Heshima ya nyumba nzima ilikuwa mikononi mwangu.

Basi kulipopambazuka nikajivika koti nililolipiga pasi mwenyewe, nikawahi kazini kabla ya wote, nikafungua kwa ufunguo wa akiba, kisha nikajisimika katikati ya mlango wa duka letu la dobi, miguu nimeipanua na kifua nimekitanguliza. Ngome niliyoizingira ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ni cha kupokelea nguo. Cha nyuma ni cha kufulia na kupigia pasi, na dirisha lake pekee lilipigwa misumari tangu mwizi alipopenyeza mkono akaondoka na shuka. Mvuke wa humo hauna pa kwenda, nasi tulishauzoea kama shemeji aliyekuja kutembea akahamia.

Adui wa kwanza kutokea alikuwa dereva wetu, amekumbatia furushi la mataulo lililomziba uso. Nikainua mkono wa kuume, nikanena: "Ewe mbeba mizigo, simama hapo ulipo! Leo hapa hapapitiki. Geuza nyayo zako, uungane nami!"

"Afadhali umewahi," dereva akasema kutoka nyuma ya mataulo. "Nishikie mlango."

Nami nikamshikia. Alipokwisha kuingia niliufunga taratibu, nikarudi kwenye zamu yangu nikiwa nimepungua kidogo.

Wa pili alikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyeniombea kazi hii, afuaye kwa mkono nguo zote ambazo mashine huziharibu. Alipanda ngazi polepole, akakohoa kile kikohozi chake cha kila asubuhi, akanitazama kuanzia viatuni hadi kolani, akauliza kama nimefungiwa nje.

"La hasha, mama mdogo," nikanena. "Mimi ndiye nifungaye. Nimesimama kuwazuia watenda kazi wasiingie, hata haki itakapotendeka."

"Haki gani?"

Hapo, wasikilizaji wangu, jemadari alizikagua silaha zake. Mlango nilikuwa nao, koti nilikuwa nalo, na sentensi ilikuwa tayari kichwani, ila madai sikuwa nayo. Kamusi ilitaja mgogoro, nami niliruka sehemu hiyo kama mtu arukaye dimbwi. Ikabidi niseme ukweli, kwamba ni kazi ya darasani, nikamsihi arudi nyuma kidogo tu, halafu aingie zake akafue.

Hakucheka. Laiti angecheka. Aliuweka mfuko wake chini.

"Mwanangu, nimekohoa humo ndani mpaka daktari ananiuliza kama navuta sigara. Unanisikia kila siku, uko hapo hapo na pasi yako. Leo umeamka mapema, umevaa koti, umekuja kugoma, halafu huna cha kudai?"

Niliona haya, na haya hiyo haikuwa ya kishujaa. Kikohozi hicho nilikuwa nikikisikia, nikaongeza sauti ya redio. Sikujua pa kuyaweka macho. Mama mdogo akapanda kidaraja cha mwisho, nami nikampisha, lakini hakupita. Aligeuka, akasimama ubavuni pangu, uso barabarani.

"Sogea huko," akasema. "Tunadai dirisha."

Hata tajiri, mwenye dobi, akawasili na simu yake sikioni, akauliza mbona tumesimama. Nilikuwa nimekariri hotuba yenye minyororo, dhuluma na mapambazuko. Nikafumbua kinywa, kikatoka hiki: "Tajiri, hatuingii mpaka dirisha lifunguliwe. Mama mdogo anaumwa kifua." Sauti ilinikatika katikati, lakini ilifika mwisho.

Tajiri akatukumbusha habari za mwizi.

"Mwizi utamwekea nondo," mama mdogo akasema. "Mvuke utauwekea nini?"

Tajiri akauliza kwa nini hatukumwambia tu, kama watu. Mama mdogo akamjibu kwamba alishamwambia mara nyingi, ila kila mara alikuwa kwenye simu. Tajiri akaitazama ile simu, akaitia mfukoni. Nyuma yake mteja mwenye suti begani alikuwa akiuliza kama pamefungwa. Tajiri akapaza sauti kumwita dereva alete nyundo.

Misumari ilitoka ikilia. Dirisha likafunguka upana wa kiganja, likakwama kwenye rangi ya zamani, wala halikusogea tena. Mvuke ukatoka. Mama mdogo akalisogeza beseni lake chini ya uwazi ule, akafua akitazama watu barabarani, na mara hii redio niliizima.

Jioni niliuweka msumari mmoja juu ya meza ya mwalimu, nikaandika ubaoni: "My aunt and I picketed the laundry." Mwalimu aliugeuza msumari, akauliza tulidai nini. Nilimjibu bila kufungua kamusi, naye akanielekeza kiti changu cha siku zote, mbali na benchi la mbele.

Basi iandikwe, wino usikauke, kwamba ngome ya dobi ilitekwa na dirisha likafunguliwa upana wa kiganja. Na iandikwe kwamba asubuhi ya pili yake, jemadari alipofika kazini, alikuta mlango umekwisha kuzingirwa. Mama mdogo alikuwa katikati, mikono ameifumbata, na dereva kando yake.

"Simama hapa," akaniambia. "Leo tunadai viti."

Nikasimama aliponionyesha.