Kuzunguka Dunia Bila Kutoka Jeppestown

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wewe uliyeiokota shajara hii, nakusihi kwa jina la mama yako: usimwambie mtu hata neno moja. Kama umeikuta kwenye teksi, ifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi soma bila kutikisa midomo. Usimwonyeshe Fiacre. Usimwonyeshe Benita. Dada Mwende, mwenye nyumba wangu, ndiye usimwonyeshe kabisa, maana ataiombea hadharani.

Mambo yenyewe ni haya. Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya wakala wa bima za mashua, hapa Johannesburg, mji usio na bahari wala mto wa kujivunia. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi. Mkataba ukiisha, kibali cha kazi kinakufa nao. Kibali kikifa, narudi Kericho, kwetu Kenya, ambako mama ameshatangaza kanisani kwamba mimi ni meneja.

Leo Benita, mkuu wetu, ametangaza nafasi moja ya kudumu: dawati la mashua za mbio. Kuna mteja, Mfaransa aitwaye Gaëlle, anayetaka kuingia mwakani katika mbio za kuzunguka dunia. Mtu mmoja, peke yake, mashua ya tanga, bila kutia nanga popote. Kwa hiari yake! Anakuja Jumatano ya wiki ijayo. Wanaoitaka nafasi watamsimulia historia ya mbio hizo, naye atasaidia kuchagua.

Tunaoitaka ni wawili. Mimi, na Fiacre wa meza ya pili, Mrundi, mtu wa kelele, ambaye hapitishi siku bila kutukumbusha kwamba amekulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Benita akanigeukia. Akauliza kama si kweli kwamba watu wanaosema Kiswahili ni mabaharia tangu enzi na enzi. Sasa nielewe. Nilipoanza kazi hapa waliniuliza kama nakimbia, kwa kuwa naitwa Kip, kama wakimbiaji wa kwetu. Nilisema ukweli: sikimbii, nina pumu. Nyuso zikaanguka. Tangu siku hiyo sijaalikwa popote. Mtu hawezi kuwavunja moyo watu walewale mara mbili.

Nikasema ndiyo, bahari iko damuni.

Bahari nimeiona mara moja, safari ya shule, kidato cha pili. Nilibaki kwenye basi kulinda mikoba.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma historia nzima wakati wa chakula. Sijala.

Mbio za kwanza zilikuwa mwaka 1968. Waliondoka wanaume tisa, kila mmoja na mashua yake. Alifika mmoja! Mmoja mashua ilimzamia akiwa karibu na nyumbani. Mwingine alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, lakini hakutaka kurudi kwenye makelele ya watu. Akageuza usukani akaendelea zake hadi Pasifiki. Huyo namwelewa kabisa.

Aliyeninyima raha ni wa mwisho. Mashua yake ilivuja. Akaona aibu kurudi. Akabaki Atlantiki, huku akituma kwa redio habari kwamba yuko mbali, anakwenda kwa kasi ya ajabu. Mwisho wake mashua ikakutwa inaelea, haina mtu. Mshindi akaitoa zawadi yake ya fedha kwa familia ya huyo marehemu. Niliweka kalamu chini kidogo. Ni habari ya huzuni.

Kisha nikaitazama kikarani. Kosa lake lilikuwa nini hasa? Kuandika! Aliandika yote, na maandishi yakakutwa mashuani. Mtu mwangalifu haandiki siri zake. Nimeona niliandike hili hapa nisije nikalisahau.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Fiacre amebandika picha ya ziwa juu ya meza yake. Anadai alijifunza kuogelea kabla ya kutembea. Ameanza kuniita Kapteni, na ofisi nzima imemfuata. Mbele ya watu akaniuliza upepo ukigeuka ghafla, baharia wa Mombasa hufanya nini na tanga. Nikasema inategemea. Wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Neno zuri sana hilo, nitalitumia tena.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini Benita akauliza nafanyia wapi mazoezi, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema Bwawa la Vaal, mbali kusini mwa mji. Nikasema Jumamosi hii nitashinda huko peke yangu majini, tangu asubuhi, kama wale wa 1968. Nikaahidi kumtumia habari kwa simu.

Fiacre akapiga mluzi. Akasema, mon cher, rafiki yangu, weye si mtu, weye ni simba. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi kidogo. Wivu tu.

Mpango: nitajificha chumbani kwangu. Nimepanga chumba cha nyuma kwa Dada Mwende, mtaa wa Jeppestown. Yeye ni Mkamba, anafanya kazi benki, na ndiye kiongozi wa ushirika wetu wa maombi ya nyumbani, ambako Fiacre huimba sauti ya tatu. Kwa hiyo naye lazima aamini kwamba nimeondoka. Tofauti yangu na yule wa Atlantiki ni kwamba mimi nitakuwa na kitanda.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika chini ya mablanketi matatu.

Leo ni Siku ya Wanawake ya Afrika Kusini, sikukuu. Nilimuaga Dada Mwende asubuhi, begi begani. Nikavuka robot, yaani taa za barabarani, nikazunguka nyuma ya gereji ya kunyoosha magari, nikarudi kupitia dirisha la chumba changu. Goti likachubuka. Jeraha la kwanza la safari! Nikamtumia Benita ujumbe wa sauti: upepo safi, tanga limejaa, naelekea katikati ya bwawa. Akanijibu kwa kidole gumba. Nikalala.

Nikaamshwa na makofi na pambio.

Kumbe Fiacre alikuwa amempigia simu Dada Mwende kumweleza kwamba mtoto wa watu yuko peke yake juu ya maji. Na Dada Mwende si mtu wa kukaa na habari kama hiyo. Aliita ushirika mzima. Walikuwa sebuleni, ukuta mmoja na mimi, wakiniombea kwa jina. Dada Mwende aliuamuru upepo utulie. Aliyeongoza pambio ni Fiacre mwenyewe, kwa machozi.

Nilikuwa nimenaswa. Na chapati zilikuwa zinapikwa!

Kosa la kwanza: nikamtumia Benita ujumbe mwingine, kwa kunong'ona, kabla sijakumbuka kwamba kwaya inasikika nyuma yangu. Akauliza ni nani wanaoimba. Nikajibu ni redio. Akauliza redio hiyo mbona inamtaja Kip. Nikazima simu.

Halafu wakampigia mama. Kericho! Wakaweka sauti juu. Mama alilia. Akasema, jamani, huyo mtoto hajui kuogelea, hata kijito cha nyuma ya nyumba alikuwa akivushwa mgongoni mpaka anaingia darasa la saba. Akasema hataki umeneja, anamtaka mtoto wake.

Hapo nilishindwa. Sijawahi kumsikia mama akilia hivyo, na kilichotutenganisha kilikuwa mlango tu. Mtu mwingine angefungua mlango. Mimi nilitoka dirishani. Uani kulikuwa na ndoo ya nguo zangu nilizoziloweka jana. Nikajimwagia yote. Mwezi wa Agosti, baridi ya Johannesburg! Nikazunguka hadi mlango wa mbele, nikaingia natiririka.

Mayowe. Dada Mwende aliniangukia shingoni. Mama alipiga vigelegele simuni. Wakadai ushuhuda papo hapo. Nikashuhudia. Nilisema kuhusu wimbi refu kama ghorofa. Sijui kwa nini nilisema wimbi, kwenye bwawa. Wakasema amina, wakanipa chapati nne.

Ni Fiacre tu ambaye hakusema amina. Alinisogelea, akanusa. Akauliza kwa upole kama siku hizi Bwawa la Vaal linatiwa sabuni ya unga. Akauliza pia teksi gani ilikubali kunibeba kutoka Vaal hadi Jeppestown nikiwa natiririka hivyo.

Nikasema inategemea.

Jumatatu, 11 Agosti

Benita ameuliza habari za kwaya. Nimemwambia ni desturi ya mabaharia Siku ya Wanawake. Amesema hakujua.

Kisha Fiacre akanivuta kando, penye birika la chai. Nilijua nimekwisha. Lakini akafunga mlango, akashusha sauti, akakiri kwamba naye ni mwongo. Kwao si ziwani. Kwao ni mji wa Ngozi, milimani. Ziwa Tanganyika ameliona kupitia dirisha la basi, na hata hapo alifumba macho. Beseni la kuogea linamtia hofu. Alidhani mimi ni baharia kweli, ndiyo maana akajivisha ziwa. Sauti ya mama Jumamosi ilikuwa imemkosesha usingizi. Akasema, ndugu yangu, sote wawili tuna mama, tuache hii aibu. Tumwambie mteja ukweli, sote kwa pamoja, achague kwa haki.

Akanyoosha mkono. Nikaushika. Akasema sharp, neno la hapa la kukubaliana. Nami nikasema sharp. Karibu nitokwe na machozi.

Nimerudi mezani nikafikiri. Fiacre akisema ukweli na mimi nisiseme, basi kati ya mwoga na baharia, mteja wa bahari atamchagua nani? Nafasi imeniangukia mkononi! Namhurumia Fiacre. Nitamnunulia soda.

Jumatano, 13 Agosti

Gaëlle amekuja. Mwanamke mdogo wa umbo, uso umechomwa na jua, viganja vimechanika kwa kamba. Alikaa akatusikiliza.

Nilisimulia vizuri, nasema kweli. Wale tisa wa 1968. Kwamba mbio hizo zilifufuliwa baada ya miaka hamsini, kwa mashua za muundo wa zamani, ramani za karatasi na jua na nyota za kuongoza njia. Kwamba mara ya mwisho alishinda mwanamke wa hapahapa Afrika Kusini, mwanamke wa kwanza kuzishinda, naye njiani aliacha mbio akamwokoa mwenzake ambaye mashua ilikuwa imemzamia. Benita alijifuta macho. Fiacre alisimulia hayohayo kwa kugugumia.

Gaëlle akashukuru. Akasema ana swali moja tu. Kati yenu, nani anaogopa maji?

Fiacre akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Fiacre akainua mkono. Akasema yeye, tena sana. Akaeleza milima ya Ngozi, beseni, basi, kila kitu. Akaibandua ile picha ya ziwa akaikunja. Nikasikia aibu kwa niaba yake.

Zamu yangu. Nikacheka kicheko cha kapteni. Nikasema mimi maji ni kitanda changu, hofu siijui hata kwa sura.

Gaëlle akatikisa kichwa taratibu. Akasema mabaharia anao wa kutosha, yeye mwenyewe ni mmoja, na ugonjwa wao ni kusema kamba hii itashika tu. Wengi wa wale tisa walisema itashika tu. Dawati la bima analitaka la mtu mwoga. Mtu anayekiona kifo katika kila kamba na kila kifuniko, akauliza mapema, kabla yeye hajaondoka. Roho yake ataiweka mikononi mwa mtu wa namna hiyo.

Nilihisi sakafu inayumba. Mtu huyo ni mimi! Tangu nizaliwe ni mimi!

Na Fiacre, sijui ana moyo gani, akainua tena mkono. Akasema kwa haki ya Mungu ofisini humu kuna mtu mwoga kuliko yeye mara kumi, na mwangalifu zaidi, naye ni Kip. Benita akanigeukia. Akauliza, kwa sauti nzuri kabisa, kama ni kweli.

Nikaona mtego. Fiacre ananivuta nijikane mwenyewe, kisha anicheke! Nikasimama. Nikasema huo ni uchongezi.

Nafasi amepewa Fiacre.

Jumatatu, 18 Agosti

Zimebaki wiki mbili. Mama anajua tu kwamba niko hai, na kwa sasa hilo linamtosha. Dada Mwende ameniombea kazi mpya kwa jina la mtaa na rangi ya jengo. Fiacre amejitolea kuniombea kwa Benita nibaki kama msaidizi wake. Nimekataa. Kapteni hawi msaidizi.

Lakini sikubali kusema kwamba sikujifunza. Nimejifunza! Waajiri wa siku hizi wanataka woga, na wengine bado wanataka ushujaa. Mtu mwangalifu huwapa vyote viwili. Kuna ofisi karibu na uwanja wa ndege wa Lanseria inayokatia bima ndege ndogo. Wanatafuta karani. Nimewaandikia kwamba naogopa ndege kupita kiasi, na kwamba nimezirusha kwa miaka minane. Hawana pa kunikatalia. Wamenijibu leo hii! Usaili ni Alhamisi, na wamesema nije na koti zito kwa kuwa tutapaa kidogo, niwaonyeshe.

Inategemea, nimewajibu.

Kwa hiyo, wewe uliyeiokota shajara hii na ukaniwekea siri, ukitaka kunirudishia, sikiliza. Usipige simu ofisini. Simu inapokelewa na Fiacre. Usibishe mlango wa mbele. Utafunguliwa na Dada Mwende, na utaombewa. Njoo Jeppestown, vuka robot, zunguka nyuma ya gereji ya kunyoosha magari, gonga dirisha lenye kitambaa cha kijani. Usimuulizie Kapteni. Siku hizi ni Rubani. Na sauti ya ndani ikikuambia kwamba Rubani yuko angani, subiri kidogo hapo hapo.

Nipo.